Kwa nini nusu ya dawa iliyomo katika kidonge cha kichocho haiui minyoo?

Mwanafunzi wa famasia
Habari zenu wanajukwaa. Prazikwanteli, dawa ya kichocho wanayomezeshwa watoto wa shule kandokando ya Ziwa Victoria, ni mchanganyiko wa molekuli za aina mbili zinazohusiana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na nimesoma kwamba aina moja tu, iitwayo R (nyingine huitwa S), ndiyo hasa inayoangamiza minyoo. Ikiwa atomi ni zilezile na zimeungana kwa mfuatano uleule, tofauti hiyo inatoka wapi?

Mkemia
Inatokana na kile ambacho molekuli hizo hukutana nacho. Katika prazikwanteli kuna atomi ya kaboni iliyoshikana na makundi manne yasiyofanana, ambayo yanaweza kupangwa kwa namna mbili, moja ikiwa taswira ya nyingine katika kioo. Zikitenganishwa, zote huyeyuka katika jotoridi lilelile. Ila mwanga unaotetemeka katika mwelekeo mmoja hupindishwa kushoto na R na kulia na S, kwa kiasi kilekile. Protini za viumbe, kwa upande wake, zimejengwa karibu zote kwa amino asidi za kushoto, kwa hiyo nafasi iliyomo ndani ya protini huikubali molekuli moja na kuikataa pacha wake. Hata pua hutambua jambo hili: karvoni, kemikali yenye harufu, ikiwa ya aina ya R hunukia mnanaa, ya S hunukia kisibiti.

Mfamasia
Niongeze kwamba S si mzigo mtupu, kwani ndiyo yenye sehemu kubwa ya uchungu unaowafanya watoto wateme dawa, na kuwepo kwake hukifanya kidonge kuwa kikubwa. Imeachwa humo miaka mingi kwa sababu utengenezaji wa kawaida huzaa nusu kwa nusu na kutenganisha ni gharama. Ndiyo maana naithamini sana arprazikwanteli, yenye R pekee, iliyojaribiwa Kenya na Ivory Coast kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, na kupendekezwa na mamlaka ya dawa ya Ulaya mwezi Desemba 2023.

Mwanafunzi wa famasia
Nawashukuru. Je, talidomaidi, dawa iliyosababisha watoto kuzaliwa na ulemavu baada ya kumezwa na wajawazito, nayo ingekuwa salama kama ingetenganishwa hivyo?

Mkemia
Hapana, ndugu yangu. Haidrojeni iliyo kwenye kaboni yake husika hubanduka na kurudi upande wowote kwa urahisi, hivyo mjamzito akimeza aina moja tu, mwili wake huigeuza kiasi kuwa ile nyingine ndani ya saa chache.