Kompresheni ya tustroki: kamba, geji au kufungua sailensa?

Nyasi_Kasarani: Wadau, mashine yangu ya kufyeka nyasi, tustroki (injini ya mipigo miwili) ya cc 43, inawaka vizuri asubuhi. Ikishapata moto inazima, na haiwaki tena hadi ipoe. Plugi ni mpya, kabureta imeoshwa. Fundi wa kwanza aliininginiza kwa mpini wa kamba, ikashuka polepole, akasema kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ipo. Wa pili anataka kuupima kwa geji ya shinikizo. Wa tatu anasema tufungue sailensa. Nimsikize nani?

Mama_Pampu: Wa tatu. Ni boliti mbili tu, na hulipi kitu. Zungusha injini taratibu umulike pistoni kwa tochi ya simu kupitia tundu la moshi. Ikiwa na mikwaruzo ya juu-chini, au alumini imepakaa ukutani mwa silinda, geji haina la kukuongezea. Kamba siiamini kabisa. Inakuonyesha tu injini iliyokufa.

Fundi_Kariobangi: Macho hayatoi namba, dada. Ringi iliyolika, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni, inaweza kukaa kwenye pistoni inayong'aa. Tumia geji yenye vali karibu na ncha inayoingia kwenye tundu la plugi. Ile ya magari yenye mpira mrefu itakudanganya, maana silinda ni ndogo mno. Zima swichi, bana mafuta hadi mwisho, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Halafu kumbukeni hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Injini inayosoma psi 150 (kipimo cha shinikizo) Mombasa, hapa itasoma 120 na kitu, na ni nzima. Nimeona watu wakinunua ringi bure kwa sababu hii! Ikiwa chini ya 90, hapo kweli fungua.

Jomvu254: Vipi kutia oili kwenye silinda na kupima tena, kuona kama ni ringi zinazovuja?

Fundi_Kariobangi: Matone machache tu. Ukizidisha, oili yenyewe inajaza nafasi na namba inapanda hata kama ringi ni nzima.

Mzee_wa_Sili: Nyote mnapima juu ya pistoni. Tustroki huvuta mchanganyiko kwanza chini, kwenye kasha la krenki. Sili, ule mpira unaoziba mhimili wa krenki, ikipasuka, hewa inaingia, mafuta yanakuwa haba, injini inachemka, na geji haitaliona hilo. Ziba njia ya kabureta na ya moshi kwa mpira, jaza hewa psi 7 hivi, paka maji ya sabuni. Je, ukiachilia mafuta, mlio unachelewa kushuka?

Nyasi_Kasarani: Unachelewa sana, mzee. Nimerudi kutoka kwa fundi: pistoni safi, geji 118. Povu limetoka nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la krenki.

Mzee_wa_Sili: Basi ni sili. Badilisha zote mbili, za pande zote za krenki. Beba ya zamani ukienda madukani ya vipuri Kirinyaga Road, mara nyingi vipimo vimeandikwa usoni. Na usiwashe mashine kabla ya hapo, utaila hiyo pistoni.