Kuwaenzi wachezaji bora wa timu ya chuo: tustaafishe jezi au tuweke ubao wa majina?

KatibuMichezo_TBR:
Wakuu, habari za jioni. Chuo chetu cha ualimu hapa Tabora kinataka kuwaenzi wachezaji wakubwa waliowahi kuichezea timu yetu ya mpira wa miguu. Mezani kuna mapendekezo mawili: kustaafisha jezi namba 4 na namba 10, au kuweka ubao wa majina ukumbini. Kumbukumbu za zamani ni chache, picha nyingi zimefifia, na kila rika linadai lenyewe ndilo lilikuwa na timu kali. Kozi ni ya miaka miwili, kwa hiyo hakuna aliyecheza misimu mitano au sita. Tuanzie wapi? Na ubao utengenezwe kwa kitu gani ili udumu?

Kiungo_Mkabaji:
Mkuu, jezi ziacheni zichezewe. Napoli waliistaafisha namba 10 ya Maradona mwaka 2000, na Manchester City namba 23 ya Marc-Vivien Foé baada ya kifo chake mwaka 2003, lakini hizo ni klabu zenye uhuru mkubwa wa kupanga namba. Timu ya chuo hununua seti moja, namba 1 mpaka 18 au 22, na seti hiyo huvaliwa miaka. Mkiondoa mbili, zinalala kabatini huku wachezaji wa akiba wakiazimana. Na mashindano yana kanuni zake: Argentina ilitaka kuiweka kando namba 10 kwa heshima ya Maradona kwenye Kombe la Dunia la 2002, FIFA ikakataa, Ariel Ortega akaivaa.

Wamarekani wameling'ang'ania sana jambo hili kwenye timu za vyuo vyao, ule mpira wao wa kubeba mikononi. Kikosi kimoja kinaweza kuwa na wachezaji zaidi ya mia, kiasi kwamba wawili huvaa namba moja, kwa hiyo kila namba inayofungwa inauma. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Michigan kilianza utaratibu wa kuzirudisha uwanjani namba za magwiji zikiwa na nembo kifuani, ya kwanza ikiwa 21 ya Desmond Howard. Baadaye zikafunguliwa hata zilizokwisha kustaafishwa, kama 98 ya Tom Harmon na 48 ya Gerald Ford, yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Mwaka 2015 mpango ukasitishwa, namba za zamani zikafungwa tena. Kufunga, kufungua, kufunga: msiingie huko. Ukishaiambia familia kwamba namba ya baba yao haitavaliwa tena, kulirudisha neno hilo ni aibu.

Mfano ninaoupenda ni namba 44 ya Chuo Kikuu cha Syracuse, hukohuko Marekani. Aliivaa Jim Brown, akaja Ernie Davis, akaja Floyd Little. Walikuja kuistaafisha mwaka 2005, lakini ukubwa wake ulitokana na kuvaliwa. Nanyi fanyeni namba 10 iwe ya kukabidhiwa: kila msimu kocha anamteua wa kuivaa, na ndani ya shingo ya jezi kunashonwa kitambaa cha sm 6 kwa 4 chenye majina ya waliotangulia. Kishonwe kwa uzi, kisibandikwe kwa pasi. Cha kubandika hubanduka kwa jasho na kufuliwa mara kwa mara.

Mtunza_Majalada:
Naunga mkono hoja ya jezi. Ila kabla ya ubao, andikeni vigezo, muvipitishe kwenye kikao, ndipo jina la kwanza litajwe. Mkianza na majina, vigezo vitashonwa kumtosha mtu fulani.

Kwa kuwa kozi ni miaka miwili, wingi wa mechi hauwezi kuwa kipimo. Pimeni uzito wa alichofanya: kuipeleka timu hatua gani UMISAVUTA (mashindano ya michezo ya vyuo vya ualimu Tanzania), kuchaguliwa kombaini ya mkoa au kanda, kucheza ligi baada ya chuo. Wekeni pia muda wa kusubiri, angalau miaka mitano tangu amalize. Ukumbi wa Heshima wa mpira wa vyuo Marekani husubiri miaka 10 tangu msimu wa mwisho wa mchezaji, na hilo linapunguza sana kura za ushabiki.

Kura huru huwapa ushindi washambuliaji na watu wa juzi. Mabao yanakumbukwa, kazi ya beki haikumbukwi. Kwa hiyo wateule wa kwanza wawe 11 kwa nafasi zao: kipa, mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Igaweni pia historia ya timu katika vipindi vya miaka kumi, na kila kipindi kitoe angalau mmoja. Baada ya hapo wawili tu kwa mwaka. Kama chuo kina timu ya wasichana, iwe na orodha yake kamili, si nafasi moja ya kuombewa.

Ushahidi: kila dai liwe na vyanzo viwili visivyotegemeana, na kimoja kikiwezekana kitoke kwa waliocheza upande wa pili. Wapinzani hawana sababu ya kukuongezea mabao. Jina litoke kwenye daftari la usajili wa wanachuo. Wengi walijulikana kwa jina la utani, wengine walibadili jina la ukoo. Andikeni la daftarini, la utani lifuate kwenye mabano.

Fundi_Mninga:
Mko Tabora, mninga mnao. Tumieni ule wa kiini, wenye rangi ya kahawia. Weupe wa nje uondolewe wote, ndio unaotobolewa na wadudu. Mbao za inchi moja zikaushwe kivulini miezi kadhaa zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti. Ukiunganisha mbichi, maungio yatafunguka kiangazi.

Vipimo: upana sm 180, urefu sm 120. Kichwa sm 20, kingo za juu na chini sm 5 kila moja, zinabaki sm 90. Mistari ya sm 4.5 inakupa 20, safu mbili, majina 40. Mkianza na 11 na kuongeza wawili kila mwaka, nafasi inatosha miaka 14. Herufi za jina ziwe mm 25, za mwaka mm 15.

Msichonge majina moja kwa moja kwenye mbao. Kila jina liwe na kibao chake cha shaba, skrubu mbili. Herufi ikikosewa mnabadilisha kibao kimoja badala ya kuparura ubao mzima. Nyuma ya ubao wekeni mapapi ya sm 2 ili usigusane na ukuta: unyevu wa masika hautaingia, na mchwa wakipanda ukutani njia yao ya udongo itaonekana mapema. Mabango ya plastiki ya kuchapishwa sahauni. Jua la dirishani litayafifisha muda si mrefu.

KatibuMichezo_TBR:
Ahsanteni sana wakuu. Na picha je? Kuna moja imegandia kwenye kioo cha fremu. Halafu wenzangu wanataka utambulisho wa wote 11 ufanyike wakati wa mapumziko ya mechi.

Mtunza_Majalada:
Iliyogandia msiibandue, mtabandua na sura. Ipitisheni kwenye skana pamoja na kioo chake. Picha ya sm 9 kwa 12 iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, ukiikuza hadi A4 bado itakuwa kali. Anayetuma kwa WhatsApp aitume kama faili, ikitumwa kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Fremu mpya ziwe na kadi katikati ili kioo kisiguse picha.

Mapumziko ni dakika 15 tu, na timu lazima zirudi. Fanyeni nusu saa kabla ya mechi, dakika moja na nusu kwa kila mtu, maelezo yake yawe yameandikwa na kusomwa. Barua za mwaliko zitoke wiki nane kabla, maana hao ni walimu waliotawanyika mikoani na ruhusa inaombwa kwa mkuu wa shule. Kwa aliyefariki, familia iulizwe kwanza, na ndiyo ichague nani apokee.