AUTO inaliona giza, ukungu haiuoni

Kutoka: Hamilton, Ontario

Habari za siku nyingi, wandugu. Sijaandika humu tangu ule mjadala wa makontena, ila leo gari limenitoa mafichoni.

Ni gari la 2017, nimelinunua mkononi kwa mtu. Novemba iliyopita natoka shifti ya usiku, saa mbili asubuhi, ukungu umetanda kutoka ziwani hadi aliye mbele yako humwoni bampa. Polisi akanisimamisha. Nikawaza nimekosa nini, maana mwendo wangu ulikuwa wa kobe. Akaniambia nyuma sina taa. Nikabisha: dashibodi inawaka kama disko, mbele mwanga nauona, swichi iko AUTO, taa zijiwashe zenyewe. Akaniomba nishuke, tukazunguka hadi kwenye buti. Giza tupu. Akaniacha na onyo.

Aprili, jiwe la lori likapasua kioo cha mbele, gereji moja ikanibadilishia. Tangu hapo waipa zinajifutia kioo kikavu, jua linawaka, kwii, kwii, kwii, watoto nyuma wanacheka. Na mwezi huu wa Juni taa kubwa zinawaka saa sita mchana! Mume wangu anasema sensa zote zimekufa (sensa za gari, si ile ya watu na makazi). Gereji wanataka kuniuzia seti nzima. Mwenye ujuzi anisaidie kabla sijatoa hela.

Kutoka: Columbus, Ohio

Dada, pole. Usinunue chochote bado. Mimi nilianza kushika spana Gerezani, Dar, na hapa Ohio nina mwaka wa kumi na nne gereji, kwa hiyo haya nayaona kila wiki. Kosa lenu ni kuyafunga mambo matatu kwenye kifurushi kimoja. Yatenganishe.

La ukungu si ugonjwa. Gari lilifanya vile lilivyofundishwa. Kile kihisi cha taa (ndiyo hiyo sensa) hakijui ukungu ni nini, hakijui mvua, hakijui theluji. Kinajua kitu kimoja tu: mwanga uliopo ni mwingi au mdogo. Ukungu wa asubuhi ni mweupe, unatawanya mwanga wa jua kila upande, kwa hiyo kihisi kinapokea mwanga wa kutosha na kuiambia kompyuta kumekucha, taa za nini? Wewe huoni mita hamsini, chenyewe kinaona mchana mwema. Theluji ndiyo kabisa, inang'aa kuliko jua.

Ule mwanga uliouona mbele ni taa za mchana, zile zinazojiwasha zenyewe gari likiwa linatembea. Kanada wanazilazimisha kwenye magari mapya tangu mwisho wa 1989, ndiyo maana kila gari huko linakodoa macho hata saa saba mchana. Lakini kwenye magari mengi zinawaka mbele tu, nyuma hakuna kitu. Zamani usipowasha taa dashibodi nayo ilikuwa giza, ukashtuka mwenyewe. Siku hizi dashibodi ni skrini, inawaka muda wote, inakudanganya. Serikali yenu iliuona mtego huo: magari mapya kuanzia Septemba 2021 lazima ama taa za nyuma ziwake pamoja na zile za mchana, ama taa zote zijiwashe zenyewe gizani, ama dashibodi ibaki giza mpaka uwashe taa. La kwako ni la 2017, halimo humo.

Dawa yake ni mkono. Zungusha swichi kutoka AUTO hadi kwenye alama ya taa, kisha tazama kwenye dashibodi kama ile alama ya kijani imetokea. Huko Ontario sheria inataka taa pale ambapo watu na magari hawaonekani vizuri umbali wa mita 150, hata iwe mchana. Huku kwetu ukiwasha waipa kwa sababu ya mvua, taa nazo ziwe zimewaka. Nawaambia wateja hivyo hivyo: mkono ukigusa waipa, uguse na taa.

Sasa waipa. Hapa ndipo nina mashaka na waliokubadilishia kioo. Kihisi cha mvua kimebandikwa kwenye kioo kwa ndani, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Kinarusha miale isiyoonekana kwa macho, kwa mshazari, ndani ya kioo. Kioo kikiwa kikavu miale inagonga upande wa nje na kurudi karibu yote. Tone la maji likikaa pale, sehemu ya miale inatorokea majini, inayorudi inapungua, kompyuta inasema mvua hiyo. Basi kati ya kihisi na kioo huwekwa kipande cha jeli laini, kama jeli ya kutibu malengelenge ya miguu. Jeli hiyo ni ya kutumia mara moja. Fundi mvivu anaibandua kwenye kioo kilichovunjika na kuirudisha kwenye kipya, ikiwa na vumbi na mapovu ya hewa. Miale inapotea kwenye povu, gari linaona mvua Juni yote.

Kujua ni rahisi. Simama nje, washa tochi ya simu, mulika kioo pale juu nyuma ya kioo kidogo. Sehemu ya kihisi inatakiwa iwe nyeusi, safi, imeshikana sawasawa. Ukiona mapovu au kitu kama utando wa samaki, ugonjwa ndio huo. Na ukirudi kwao waulize na hili: je, mlipima upya kamera? Kama gari lako lina ile kamera ya kusoma mistari ya barabara, imekaa hapo hapo, na kioo kikibadilishwa inatakiwa kupimwa upya. Wengi wanaruka hatua hiyo, mteja hajui mpaka usukani umvute asikotaka.

La tatu, taa mchana kweupe. Kihisi cha mwanga kwenye magari mengine kiko pamoja na kile cha mvua, kwenye mengine kiko juu ya dashibodi karibu na kioo, kidude cheusi kama nusu ya punje ya tasbihi. Kitafute. Je, kuna kitu umekiweka juu yake? Usinijibu haraka, nenda kaangalie. Ukikiona, acha injini ikiunguruma na swichi iwe AUTO, kifunike kwa kiganja. Taa ziwake baada ya sekunde chache. Toa kiganja, subiri, zizime. Zinachelewa makusudi, zisije zikawa zinawaka na kuzima kila ukipita chini ya daraja. Kama inatii hivyo, kihisi ni kizima.

Na kabla mtu hajauza kihisi chochote, apime betri. Gari lililolala usiku lisome kama volti 12.6, injini ikiwaka iwe baina ya 13.7 na 14.7 hivi. Betri ikichoka kompyuta zinaweweseka, taa za onyo zinatokea kama mti wa Krismasi. Nimeshaona mtu kalipia rada ya mbele, ile inayopima umbali wa gari lililo mbele yako, kumbe shida ilikuwa barafu na chumvi vilivyoganda kwenye nembo ya gari inayoifunika. Kitambaa na maji ya moto kidogo, basi.

Kutoka: Maskati

Assalaam alaykum. Nimecheka kwa sababu haya ya ukungu sisi tunayo, watu hawaamini. Kiangazi tunatoka Maskati kwenda Salala kutafuta baridi, kama kilomita 1,000, jangwa tupu na jua la kupasua mawe. Ukipanda ile milima ya Dhofar, huko huko Salala, wakati wa kharifu, msimu wa manyunyu, ghafla ukungu, manyunyu, huoni kitu. Gari jeupe, barabara nyeupe, swichi AUTO, nyuma hakuna taa. Na wengine wanaona dawa ni kuwasha indiketa zote mbili huku wanaendesha, hujui kasimama au anakata kona. Fundi kasema kweli, ni mkono.

Halafu bibi, huku tunatandika kapeti la dashibodi kwa ajili ya jua. Lazima ununue la gari lako hasa, lina tundu la kihisi. Mimi nilinunua la gari jingine kwa kuwa rangi ilinipendeza. Wiki nzima taa ziliwaka adhuhuri.

Kutoka: Hamilton, Ontario

Kaka fundi na kaka wa Maskati, asanteni, ila mmeniaibisha mbele ya mume wangu.

Nimeenda kuangalia. Joto lilipoanza nilitandika kanga juu ya dashibodi isipauke. Kile kipunje kiko chini yake, katikati kabisa ya maneno. Kanga yenyewe imeandikwa "Hasidi hana sababu". Nimeitoa, nikafanya ile ya kiganja, taa zikawaka, nikatoa, zikazima. Mume wangu kaondoka kimya kimya kwenda kukata majani.

Kwenye kioo nilimulika tochi, mapovu matatu, moja kubwa kama dengu. Gereji mwanzo walisema ni kawaida. Nilipotaja jeli na kupima kamera yule kijana akamwita mkubwa wake. Wameweka jeli mpya bure na kamera wamepima, imechukua saa moja na nusu. Leo ni siku ya tano, waipa zimetulia.

Imebaki taa ya upepo wa matairi. Hiyo fundi usinijibu, tangu baridi iishe sijajaza.