Kipaimara: umri umefika, au moyo umeamua?

Mama wa Kisauni: Binti yetu amemaliza darasa la kipaimara, lakini amekataa kuwekewa mikono na askofu kwa sababu bado anaisoma Injili ya Luka. Amekwama sura ya 14, aya ya 28, pale Yesu anaposema kuwa anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, ameipigia mstari kwa penseli na kuandika pembeni, “Je, mimi nimehesabu?” Baba yake amekasirika. Je, anakosea anayesubiri?

Mzee wa Kanisa: Anakosea, nanyi mnamdekeza. Yoshua alisema “chagueni hivi leo”, hakusema wasubiri. Isitoshe, vijana wa siku hizi huokota aya mojamoja kwenye simu wakajiona wamehitimu. Shakahola si mbali, ni hapo Kilifi tu, na mwaka 2023 sote tuliona matunda ya watu kujifasiria Maandiko nje ya kanisa.

Msomaji wa Likoni: Shikamoo, Mzee. Neno lako la simu limenichoma, kwa maana mimi husoma Zaburi kwa simu hiyohiyo nikivuka feri alfajiri, nikiwa nimebanwa katikati ya watu na mikokoteni, na huko ndiko nilikoamua kumfuata Kristo. Na kuhusu Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wale hawakuangamia kwa kujisomea. Walisomewa, wakafasiriwa, wakaamriwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Laiti wangekuwa kama watu wa Beroya, Matendo 16 kama sikosei, ambao hata Paulo alipowahubiria waliyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama asemayo ni kweli!

Mzee wa Kanisa: Marahaba. Ni Matendo 17, aya ya 11. Sikumdharau mtu kwa sababu ya simu yake, na usinitie maneno kinywani. Soma basi na sura ya 8, ambapo towashi wa Kushi anamwambia Filipo, “Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?” Mwongozo huo ndio ninaoutetea.

Mjukuu wa Frere Town: Mzee wangu, endelea na sura hiyohiyo. Filipo alimkuta mtu ambaye tayari anamsoma Isaya, akapanda garini akaketi naye, na walipofika penye maji ni towashi mwenyewe aliyeuliza ni nini kinachomzuia asibatizwe. Filipo hakumwambia kwamba zamu yake imefika. Sisi tuliozaliwa Frere Town, mji ulioanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, tunatokana na watu walioamuliwa kila kitu, hata bandari ya kushushwa. Ndiyo maana inaniuma kuona mtoto akiamuliwa imani kwa kalenda ya askofu.

Mzee wa Kanisa: Hapo kwenye gari umenipata, ingawa la kalenda sikubaliani nalo, kwa maana pasipo siku iliyopangwa wengi huahirisha hadi uzeeni. Mama, mwulize binti yako kama ataridhia niketi naye, tuisome sura hiyo ya 14 hadi mwisho. Baada ya mnara yupo mfalme anayepima jeshi lake kabla ya vita, kisha chumvi iliyoharibika, na nadhani hajafika huko.