Viinitete vya kuasili Marekani: suala la rangi ya ngozi linaingiaje?

Mtafiti_Mdogo: Habari zenu wadau. Naandika tasnifu ya anthropolojia kuhusu Wakristo wa Marekani wanaoasili viinitete vilivyogandishwa (mayai yaliyorutubishwa maabara), vile vinavyobaki kliniki baada ya wenyewe kupandikiza na kupata watoto wa kuwatosha. Dini naiona, uzazi nauona, ila supavaiza kaniuliza rangi iko wapi nikakosa jibu. Si ni watu tu wanatafuta mtoto?

Kisima: Mkuu anza na hilo neno "kuasili". Kule sehemu kubwa sheria za kuasili haziwahusu, wanaandikishana mkataba tu, na madaktari wengi wanaita kuchangia. Ila tangu 1997, shirika la Kikristo la kuasili watoto la Nightlight, California, lilipoanzisha programu ya Snowflakes, mambo yanaendeshwa kama mtoto keshazaliwa, afisa ustawi anakuja kuwakagua nyumbani, mnaandaa albamu ya picha na barua ya kujieleza, halafu wenye kiinitete ndo wanachagua wawape nani. Sasa ishike hiyo albamu mkononi, sura zenu, ngozi zenu, kanisa lenu, vyote vinatazamwa kwa pamoja.

Mlokole_Halisi: Mimi naamini uhai unaanza pale mbegu inaporutubisha yai, kwahiyo kwangu hao ni watoto wanaosubiri kwenye baridi ya nyuzi -196. Usiandike kama vile imani yao ni geresha, kaa nao uwasikilize kwanza.

BintiMakame: Mlokole uko sahihi, wasikilizwe. Lakini uliza pia huruma hiyo imemfikia nani. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Alabama, inayokaa Montgomery, ilisema kiinitete kilichogandishwa ni mtoto kwenye sheria ya fidia ya kifo. Montgomery hiyohiyo, 1973, mabinti wawili weusi wa miaka 12 na 14 walifungwa kizazi na kliniki ya pesa za serikali kuu, mama yao hajui kusoma, akaweka alama ya X kwenye karatasi akidhani wanapigwa sindano tu ya uzazi wa mpango. Hao walikuwa watoto kabisa, wana majina, wanatembea, na hakuna aliyewauliza. Mi nikifika kwenye hiyo X huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Mtafiti_Mdogo: Dah. Asanteni sana. Mlokole nimekusikia, mahojiano nayarudia upya bila haraka. Ila sura ya kwanza naifuta yote, naanza na ile X halafu ndo nifungue albamu.