Zana za bure za mtandaoni darasani: bando anatoa nani?

Mleta mada, Tandahimba

Wakuu, habari za Jumapili. Alhamisi kwenye kikao cha walimu mtaaluma wetu alileta pendekezo: kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi wa kidato cha tatu awe na akaunti kwenye darasa la mtandaoni, lile la bure, na kazi za nyumbani zitumwe huko kupitia simu za wazazi. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono kupinga, na tangu siku hiyo naitwa adui wa teknolojia. Nimeileta hapa mnihukumu.

Kwanza mjue kwamba siogopi kompyuta. Nafundisha fizikia. Maabara yetu ina amita tatu, vile vipimio vya mkondo wa umeme, na moja sindano yake imelala tangu nihamie. Darasa lina wanafunzi 74. Kwa hesabu hiyo mtoto anaiona amita kama mwezi wa Idi: anaoneshwa kwa kidole, mwenye macho anasema nimeuona, wengine wanaitikia tu. Ndipo nikaanza kutumia PhET, majaribio ya kuigiza kwenye skrini yanayotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja tu baada ya kupata Nobel ya fizikia. Yako mengi, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Siku ya saketi niliweka laptop yangu juu ya meza, makundi yakawa yanakuja kwa zamu, watu kumi kumi. Unavuta betri, unavuta waya, unavuta taa, unaunga. Kundi la tatu binti mmoja akaunga waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, hakuweka taa katikati. Betri ikashika moto pale kwenye skrini. Darasa zima likasimama. Nilipowatuliza, yule binti akasema taratibu, "Mwalimu, ndiyo iliyounguza godoro letu." Kwao wana sola, na kaka yake alikuwa akiunga redio kwenye betri. Nilikuwa nimeandaa dakika kumi za kueleza shoti ni nini. Sikuzihitaji.

Sasa angalieni. Faili hilo nililipakua mara moja nikiwa Mtwara mjini, MB chache, na liko kwenye flashi mpaka leo. Haliulizi jina la mtoto wala namba ya mzazi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, na kama wiki moja baadaye nyaya za intaneti za baharini zikakatika, nchi nzima ikawa inatafuta mtandao kama anayetafuta shilingi mchangani, flashi yangu ilikuwa mfukoni. Darasa la mtaaluma siku zile lingefungwa.

Ninachosema ni kwamba bure ya kupakua mara moja na bure ya kuingia kila siku ni vitu viwili. Hiyo ya pili kuna mtu anailipia bando, na mtu huyo ni mzazi ambaye korosho zake bado ziko ghalani zinasubiri mnada. Nawasilisha.

Mwalimu wa TEHAMA, Mtwara mjini

Mwalimu mwenzangu, hoja nzuri lakini umeibana. Huyo mtoto wako akimaliza shule, maombi ya chuo ni mtandaoni, ya mkopo mtandaoni, ya ajira serikalini mtandaoni. Kila mwaka nawaona vijana wamepanga foleni kwenye duka la stesheneri, mwenye duka anawafungulia akaunti, anawachagulia nywila na anaiandika kwenye daftari lake. Mtu ana miaka kumi na tisa na nywila yake anaijua mtu wa fotokopi! Flashi yako haimfundishi kuingia mahali, kutoka, na kulinda vya kwake. Darasa la mtandaoni lingemfundisha.

Halafu mbona umeruka njia ya katikati? Kuna Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unapakua masomo ukiwa mjini, yakiwemo ya Khan Academy, kisha pale shuleni vishikwambi na laptop nyingine vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi bila intaneti yoyote. Kila mwanafunzi ana jina lake la kuingilia na kazi zake, na vyote vinabaki ndani ya kuta za shule. Hapo umepata akaunti na bando hujagusa. Vitabu vya kiada navyo viko Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, havina gharama zaidi ya mtandao wa kuvifikia.

Mchokozi

Gesi inachimbwa Msimbati na mnajadili flashi. Endeleeni.

Mama muuza chapati, Mikindani

Mimi si mwalimu, ila mmenigusa. Mwanangu yuko darasa la sita. Kuna kipindi mwalimu wake alikuwa anatuma maswali kwa linki, usiku, saa tatu na nusu. Simu janja ndani ya nyumba ni moja, yangu, na ndiyo duka langu: oda za chapati zinaingia humo, pesa inaingia humo. Baba yake ana kitochi. Kwa hiyo mtoto anasubiri nimalize, namaliza saa nne, ananunua bando la buku, linki inagoma, anasinzia na simu mkononi.

Siku moja nikakaa naye nione hayo maswali. Swali la kwanza, tangazo. Swali la pili, tangazo. La tatu likaja tangazo la kubeti, mpira unazunguka, "weka mia tano". Mtoto wa darasa la sita! Nilimpigia mwalimu, akasema mama hiyo programu ni ya bure ndiyo maana ina matangazo. Alinijibu kwa adabu, sina neno naye. Lakini chapati nikimpa mtu bure simwekei mchanga.

Mleta mada, Tandahimba

Mama, hiyo ya mchanga nitaibeba kwenye kikao.

Mwalimu wa TEHAMA, Kolibri naijua kwa kuisoma, sijawahi kuiendesha, na nakubali umenipata hapo. Lakini sicho alichopendekeza mtaaluma. Yeye anataka ile ya kampuni, inayodai jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe ya mtoto. Tangu Mei 2023 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika. Nilipouliza kwenye kikao nani atasaini ridhaa ya wazazi, nikaambiwa naleta siasa.

Na hofu hii sijaitunga. Edmodo, darasa la mtandaoni kama hilo, ilikuwa ya bure, ikipendwa na walimu dunia nzima. Ilifungwa tarehe 22 Septemba 2022, na mwenye maswali yake mle akatakiwa ayahamishe mwenyewe. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Marekani ikatangaza adhabu ya dola milioni 6 dhidi yake, kwa kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi na kuzitumia kuuza matangazo. Hapo ni kwao, wenye wanasheria. Taarifa za mtoto wa Tandahimba zikiuzwa, nani atajua?

Mwalimu wa darasa la pili, Nachingwea

Mnajadili akaunti za wanafunzi, mimi nawasikiliza kama mtu aliyefika harusini akakuta pilau limeisha. Darasa langu lina watoto 118. Kishikwambi ninacho, kile tulichogawiwa baada ya sensa ya 2022. Kazi yake kubwa ni kujaza takwimu zinazotakiwa leo leo, kabla ya saa sita.

Siku moja nikasema ngoja nijaribu, nikawaonesha katuni ya kuhesabu. Skrini ni ya inchi chache. Waliokaa mbele waliona, wa katikati walisikia, wa nyuma walipigana. Nikarudi kwenye vifuniko vya soda. Kila mtoto ana vifuniko kumi kwenye mfuko wa nailoni, na kifuniko hakiishi chaji. Sina ugomvi na zana zenu, ila mkiandika "darasani" mjue lipi mnalisema.

Mwalimu wa historia, Lindi

Madam wa Nachingwea, nakuelewa, lakini nitakupa kisa cha skrini ndogo iliyotosha.

Tendaguru iko mkoani kwetu. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na wabebaji waliitembeza kwa miguu, kichwani, siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Wanafunzi wangu walikuwa wanamjua kama hadithi ya babu. Wengine walidhani ni nyoka.

Nikapakua picha zake, ziko bure mtandaoni, nikaziweka kwenye kishikwambi, kikapita mkono kwa mkono. Mtoto mmoja akauliza mita 13 ni ngapi. Swali jema hilo, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikiitaja tarakimu tu. Tukatoka nje na kamba ya katani, tukapima mita 13 uwanjani, wakajipanga juu ya kamba, mmoja kichwani mwa dinosaria, mmoja magotini, wengine tumboni. Picha ilichukua dakika tano, kamba ikachukua kipindi chote. Lakini bila picha kamba isingekuwa na maana, kwa sababu mabaki yenyewe yako Berlin na nauli hatuna.

Kwa hiyo skrini haihitaji kuonwa na watu 118 kwa pamoja, wala haihitaji kushika kipindi kizima.

Mwalimu mstaafu, Lindi

Vijana wangu, nawasoma kwa miwani ya mjukuu. Mnavyoongea mnadhani jambo hili ni jipya.

Mwaka 1973 tuliendesha Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya. Chombo kilikuwa redio, nayo wakati ule ilikuwa kitu kikubwa kuliko hizi simu zenu, kijiji kizima unaweza kukuta moja. Watu kama milioni mbili nchi nzima walisoma kwa mpango ule. Siri yake haikuwa redio. Kila kundi lilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kabla, na kijitabu mkononi. Redio ikimaliza kusema, inazimwa, watu wanazungumza, halafu wanasimama kwenda kuchimba choo. Betri zikiisha, kijitabu kipo na kiongozi yupo.

Nawauliza: hiyo zana ya mtaaluma, kijitabu chake kiko wapi, na kiongozi wa kundi amefundishwa na nani? Semina ilikuwa siku ngapi?

Mleta mada, Tandahimba

Shikamoo mzee wangu. Semina haikuwepo. Ilitumwa video ya dakika nne kwenye grupu la walimu.

Mwalimu wa TEHAMA, Mtwara mjini

Marahaba tumwachie mzee, mimi nirudi kwa mleta mada. Umemnukuu Edmodo vizuri, lakini hata PhET yako si mvua. Inaendeshwa kwa misaada, kuna watu wanalipwa kule Colorado. Misaada ikikauka?

Mleta mada, Tandahimba

Ikikauka, faili langu litabaki kwenye flashi na betri itaendelea kushika moto. Ndiyo tofauti ninayoipigia kelele. Wakifunga duka lao, changu hakiondoki.

Ila nikubali jambo moja, maana nimelala nalo. Ulichosema kuhusu nywila kimenichoma. Wiki iliyopita kijana wangu wa zamani alikuja nimsaidie kurudisha akaunti yake ya maombi ya chuo. Namba ya simu iliyosajiliwa ni ya mtu wa stesheneri, na yule bwana amehamia Masasi. Tulihangaika mpaka jioni, hatukuipata. Huyo nilimfundisha mimi, fizikia alipata B, na nywila sikuwahi kumtajia. Kwa hiyo Jumatatu sitasimama kupinga tu. Nitaomba laptop ya ofisi mwisho wa wiki, uniwekee hiyo Kolibri, tuanze na kidato cha tatu peke yake, ndani ya shule, saa za kujisomea. Kila mtoto achague nywila yake na aikumbuke mwenyewe. Akiisahau, anakuja kwangu, siyo stesheneri.

Mwalimu wa TEHAMA, Mtwara mjini

Njoo nayo Jumamosi. Iwe na nafasi ya kutosha, hizo laptop za ofisi huwa zimejaa picha za mahafali.

Mwalimu wa darasa la pili, Nachingwea

Na ukipata katuni za kuhesabu zisizo na tangazo niwekee kwenye memori kadi. Nitawaita watano watano wakati wa mapumziko. Vifuniko sivitupi.

Mama muuza chapati, Mikindani

Kazi za nyumbani je? Maana hapo mmepanga ya shuleni tu, sisi wa kitochi hatujasikia letu.

Mleta mada, Tandahimba

Mama, hizo nitapendekeza zibaki kwenye karatasi. Maswali yanatolewa kopi shuleni, mtoto anaondoka nayo mchana.

Mama muuza chapati, Mikindani

Haya. Na mchango wa hizo kopi tutatangaziwa lini?