Huyu mshereheshaji aliyeligeuza birika langu ukumbini, Mungu anamuona!!

BintiNgambo (mwanzisha uzi)

Wakuu, nyie salama? Mie si salama. Tangu jana usiku natetemeka, chai imenipoa mbele yangu na wala siitaki, maana nikiona chai naona birika.

Simtaji jina, sina haja. Yule mshereheshaji wa harusi zetu hapa mjini, mnamjua. Yule ambaye akishapewa kipaza sauti mpaka umeme ukatike ndiyo anyamaze. Harusi gani Unguja hii hajatia mguu? Hata msiomwalika anakuja na spika zake.

Jana tulikuwa tunamtunza biharusi, mtoto wa mama yangu mdogo. Ukumbi umejaa, upande wa bwanaharusi wamevuka na boti kutoka Dar, madera yanameta mpaka macho yanauma. Mie nikapeleka seti yangu ya chai. Birika, vikombe sita na visahani vyake, kijagi cha maziwa, kibakuli cha sukari. Kaure ya Kiingereza hiyo! Chini imepigwa muhuri wa Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo wenyewe, si hivi vya dukani ukitia maji ya moto vinalia ta! Ukikiinua kikombe kwenye taa, unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Nimeitoa kwenye kontena la mitumba la Uingereza siku ile ile lilipofunguliwa, nimegombania na mama mmoja wa Mpendae nusura tuchaniane mabuibui. Nimeiosha kwa ndimu na magadi, mdomo wa birika nimeusugua kwa mswaki mpaka madoa ya chai ya huyo Mzungu yakatoka yote. Nikafunga karatasi la nailoni, utepe wa dhahabu, kadi yenye jina langu kubwaa.

Zawadi za wenzangu zikatajwa. Hotipoti, maashaallah. Blanketi, maashaallah. Hotipoti tena, maashaallah. Ikafika yangu. Akafungua. Akanyamaza. Huyu mtu HANYAMAZI, nikajua pana jambo. Akalikamata birika mkononi, AKALIGEUZA JUU CHINI.

Nani anageuza zawadi ya mtu? Hebu niambieni. Kwenu mnageuza?

Kumbe chini kabisa, ndani ya kikalio, pamejibanza kistika cha bei, rangi moja na udongo wenyewe. Akalisogeza birika usoni, akakisogeza na kipaza sauti: "Jamani hapa pana bei. PAUNDI TATU NA NUSU!"

Ukumbi kimya. Mawifi wakaacha kutafuna. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile: "Hivi paundi tatu na nusu shilingi ngapi?" Na yule kijana wa kinanda, ambaye hakuulizwa na mtu, akajibu: "Kama elfu kumi na mbili hivi, bi mkubwa." Kisha akapiga kinanda, tiririririi!

Wallahi maiti wa makaburi ya Mwanakwerekwe wamesikia. Bandarini Malindi meli zimetikisika. Mie nimekaa pale meza ya mbele na dera langu jipya natafuta pa kuingia, meza yenyewe haina hata kitambaa kirefu.

Na bado kaligeuza mara ya pili! Kamuonesha mama mkwe! Birika la watu limekuwa motokari ya gereji, linaangaliwa tumbo.

Mtumba ni dhambi? Nusu ya lile ukumbi limevaa mtumba, na yeye mwenyewe mkoba wake naujua ulikotoka. Kaligeuza jamani. Kaligeuza.

---

PwezaMkavu
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Tiririririi!

Mzee wa Kijangwani
Pole dada. Lakini swali dogo tu. Wewe ulinunua bei gani?

BintiNgambo
Elfu themanini. Ila mada si bei, mada ni KUGEUZA.

Mzee wa Kijangwani
Themanini! Kwa kitu cha elfu kumi na mbili! Dada, mshereheshaji muache, aliyekugeuza ni muuza kontena.

PwezaMkavu
Kapinduliwa kabla ya birika.

BintiNgambo
Kwani kontena limekuja linaogelea? Kuna meli, kuna ushuru, kuna gari ya kutoa bandarini, vikombe vingapi vinafika vimevunjika? Nyie wanaume mnajua nini kuhusu vyombo. Narudia: aligeuza mbele ya mawifi.

Ukhti_Shuwari
Mie nilikuwepo, meza ya karibu na pilau. Dada yetu hakusema yote. Mbona hukuwaambia kuwa kifuniko kina maua mekundu na birika lina maua ya buluu?

BintiNgambo
Huo ni mtindo.

Mama Mpendae
SUBIRI KWANZA. Kumbe ni wewe?? Mie ndiye uliyenivuta buibui! Nililiachia lile birika kwa hiari yangu, nilipoona kifuniko si chake. Kifuniko chake nilikuwa nacho mie mkononi, kwenye boksi la sahani. Ninacho hadi leo, nafunikia bakuli la sukari.

PwezaMkavu
Uzi umekuwa mtamu. Naleta kiti.

BintiNgambo
Mama, hicho kifuniko unauza?

Mama Mpendae
Elfu hamsini.

Mkongwe wa Mji
Tuacheni utani kidogo. Vyombo vya zamani si vya kudharauliwa. Ingieni majumba ya Mji Mkongwe muone sahani za Maastricht, za Uholanzi, zile zilizojaa pwani yetu tangu karne ya 19. Watu walizitundika ukutani kwa fahari. Pale Kunduchi, Dar, makaburi ya wazee yamepachikwa mabakuli ya Kichina. Nani aliyageuza kutafuta bei? Dada, nitumie picha ya ule muhuri wa chini, ukiwa wa zamani wapo watalii wananunua.

Mzee wa Kijangwani
Aligeuze TENA apige picha? Mtamuua dada wa watu.

Yakhe wa Wete
Nyie wa Unguja mna bahati ya kulia kwa birika. Sie huku Pemba, yakhe, mtumba ukitufikia ushachambuliwa Dar, ukachambuliwa sokoni Darajani, ukachambuliwa na wapagazi wa boti, ndiyo ushuke bandari yetu ya Mkoani. Mwaka jana nilinunua belo la kilo 45, nikaambiwa mashati ya wanaume, kamera tupu, yaani daraja la kwanza. Nimefungua mbele ya wateja wangu, ndani makoti ya theluji! Yale yenye manyoya kichwani! Mtu wa Wete na theluji wapi na wapi? Na glovu moja moja, za mkono wa kushoto zote.

Ukhti_Shuwari
Makoti uliyapeleka wapi?

Yakhe wa Wete
Wavuvi wamenunua. Bahari ya usiku ina baridi yake. Ukipita saa tisa za usiku utadhani Wazungu wa Ulaya wanashusha dagaa.

Kafa_Ulaya
Haya ndiyo tunayosema siku zote. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke kabisa ifikapo 2019. Marekani ikatishia, wengine wote wakalegea, Rwanda peke yake ikakaza. Mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA, ule mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwenye nguo. Viwanda vyetu vitafufuka lini kama kila mtu anakimbilia makontena?

PwezaMkavu
Kaka, sisi tunazungumzia birika.

Kafa_Ulaya
Ndiyo hilo hilo.

Mama Mpendae
Wewe uliyejiita Kafa_Ulaya, jina la mitumba yenyewe, halafu unapinga mitumba, hilo shati kwenye picha yako umelitoa kiwanda gani?

Kafa_Ulaya
Nilizawadiwa.

Mzee wa Kijangwani
Ligeuze kola tuone bei.

BintiNgambo
Jamani narudi kwenye hoja. Hivi hata kama kaona stika, si angelinyamazia? Angeweza kusema "seti ya chai, maashaallah," akapita. Hotipoti zote zile hakugeuza hata moja!

Bi Hotipoti
Usinitajie hotipoti. Harusi yangu mie nilipata hotipoti mpaka zikajaa uvunguni, zote mpya, zote na maboksi yake, na hakuna hata moja inayofunga vizuri. Wali ukiutia wa moto saa saba, saa nane unakula kiporo. Heri ningeletewa birika la mtumba lenye kifuniko cha mtu mwingine.

BintiNgambo
Asante! Angalau mmoja ananielewa.

Bi Hotipoti
Sikuelewi, mie nazungumzia hotipoti.

Msafiri wa Malindi
Afadhali nyinyi mnasemwa na mshereheshaji. Mie nilinunua televisheni ya kontena hapa Unguja, kumpelekea dada yangu Dar, zawadi ya nyumba mpya. Nimeshuka boti, jamaa wa pale bandarini ananiambia nilipie ushuru. Namwambia ni used, nimenunua Zanzibar, nchi moja hii. Ananiuliza risiti. Risiti ya kitu nilichokinunua chini ya muembe! Nimelipa karibu sawa na bei niliyonunulia. Dada kaiwasha, kaniambia, "Kaka, mbona ina mstari katikati?"

Yakhe wa Wete
Ungeipitisha kama ya kwako mwenyewe. Unaivisha shuka, unaishika kama mgonjwa.

Ukhti_Shuwari
Inchi ngapi hiyo?

Msafiri wa Malindi
32. Na mstari wake.

Mzee wa Kijangwani
Kwenye vya umeme muwe macho na makontena ya Japani. Kule umeme wao ni volti 100, wetu 230. Shemeji yangu alinunua kipikio cha wali, kizuuri, kina maandishi ya Kijapani na kinaimba kikiwashwa. Kakichomeka moja kwa moja ukutani. Kiliimba mara moja tu.

PwezaMkavu
Tiririririi.

Bi Hotipoti
Kwa hiyo friji la Japani linahitaji transfoma? Nimeliona moja sokoni Mwanakwerekwe, safi, halina hata mkwaruzo.

Mzee wa Kijangwani
Angalia maandishi ya nyuma. Ikiandikwa 100V, ndiyo. Na transfoma iwe kubwa, si zile za redio.

BintiNgambo
Kuna mtu bado anasoma habari yangu? KALIGEUZA MARA MBILI.

Bi Hotipoti
Transfoma ya friji bei gani sasa hivi?

Yakhe wa Wete
Ninayo moja, huku Wete, haijatumika. Nakupakilia boti ya kesho. Nina na koti moja limebaki, saizi kubwa.